Lugha ya Kamera: Kimo, Nuru na Kivuli katika Sinema

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Jicho likishafunguka hupokea kila kitu kinacholetwa mbele yake, kizuri na kibaya, bila ya kubisha. Methali hiyo ilikusudiwa mambo ya tamaa, lakini yafaa pia kutukumbusha hali ya mtazamaji wa sinema. Mtu akiingia katika jumba la sinema, au akiketi nyumbani mbele ya televisheni, au akishika simu yake mkononi, hatazami apendavyo. Huonyeshwa. Yuko mtu aliyeamua kamera isimame wapi, imkaribie nani, imwache nani nje ya picha, na taa imwangaze nani. Maamuzi hayo yote yamekwisha kufanyika kabla mtazamaji hajaketi kitini pake.

Watu wakisimuliana sinema, aghalabu husimulia kisa na maneno: fulani alimpenda fulani, baba mtu akakataa, wakatoroka, wakapatwa na msiba. Ni wachache wanaosema kamera ilisimama wapi. Hata hivyo, mara nyingi tumempenda mchezaji mmoja na kumchukia mwingine kabla hawajafungua vinywa vyao. Jambo hilo halitokani na bahati. Shabaha ya insha hii ni kueleza, kwa lugha nyepesi, jinsi umbali wa kamera, kimo chake, na mpango wa nuru na kivuli vinavyojenga maana. Na kisha kuonyesha kwa nini elimu hiyo yawahusu walimu na vijana wa taifa letu.

Sisi si mafundi wa sinema. Kazi tuliyoajiriwa kuifanya ni ya ofisini, na kazi tuliyoipenda tangu tulipokuwa shuleni ni ya utungaji wa mashairi. Lakini mtunzi ajua kwamba neno moja likiwekwa mwanzoni mwa ubeti lina uzito wake, na likiwekwa katika kituo lina uzito mwingine, ingawa herufi zake ni zile zile. Picha nayo ni hivyo. Mtu yule yule, mwenye nguo zile zile na maneno yale yale, akipigwa picha kutoka mahali pengine huwa na maana nyingine.

Tuanze na umbali. Katika picha ya mbali twaona mtu akiwa mdogo katikati ya shamba, mtaa au bahari; picha hiyo hutueleza mahali alipo na jinsi mahali hapo palivyomzidi. Katika picha ya kati twamwona kuanzia kiunoni kwenda juu, kama tumwonavyo mtu tunayezungumza naye barazani. Katika picha ya karibu twaona uso peke yake, au mkono, au kitu kimoja kidogo, na kila kitu kingine kimefukuzwa. Mwongozaji anayetusogeza karibu ni sawa na msimulizi anayeshusha sauti ili wasikilizaji wainamishe vichwa.

Mfano ulio bora twaupata Afrika yenyewe. Mwaka 1963 Ousmane Sembène wa Senegal, mwandishi wa riwaya aliyegeukia sinema, alitoa filamu fupi iitwayo Borom Sarret, yenye urefu wa takriban dakika 20. Yahusu mwendesha mkokoteni wa farasi katika jiji la Dakar. Baada ya kutwa ya kuhangaika, anampakia abiria aliyevaa nadhifu ampeleke mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni haikuruhusiwa kuingia. Askari anamsimamisha. Katika kutoa karatasi zake, nishani yake ya vita inaanguka chini, naye askari anaikanyaga. Kamera yatusogeza karibu: twaona nishani ardhini na kiatu juu yake.

Hebu tufikiri. Kama Sembène angaliipiga picha ile kutoka ng'ambo ya barabara, tungaliona watu wawili wakibishana juu ya kanuni za usafiri, basi. Kwa kuikaribia nishani, ametuonyesha heshima ya mtu mzima ikikanyagwa na kiatu cha mtu anayetumikia sheria asiyoitunga yeye wala huyo maskini. Hakuna hotuba ambayo ingalisema zaidi ya hapo.

Picha ya karibu ina historia ndefu kwetu, tena yenye uchungu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa majaribio wa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Mradi huo ulioongozwa na Waingereza ulitoa filamu zipatazo 35 juu ya kilimo, afya, uwekaji wa akiba na mambo mengine, zikatembezwa kwa gari katika Tanganyika na nchi za jirani. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda kitengo maalumu cha sinema za makoloni, na mkuu wake akawa William Sellers, ambaye kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi ya afya huko Nigeria. Kutokana na kazi hizo likatokea fundisho lililoshikwa kwa miaka mingi: kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kuifahamu lugha ya sinema. Kwa hiyo picha ziende polepole, kamera isichezechezwe, na picha ya karibu itumiwe kwa tahadhari kubwa, maana mtazamaji akionyeshwa mdudu mdogo aliyekuzwa ataamini kwamba huko ng'ambo wako wadudu wakubwa kiasi hicho.

Katika kitabu chake cha mwaka 1962, Marshall McLuhan wa Kanada alieneza kisa kimoja cha namna hiyo. Wanakijiji walionyeshwa sinema ya usafi wa mazingira. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Waonyeshaji walishangaa, maana hawakujua kama ndani ya sinema yao mlikuwamo kuku. Walipoikagua picha baada ya picha, wakamkuta kweli, akipita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Kisa hiki kimekuwa kikisimuliwa kuonyesha kwamba Mwafrika hajui kutazama. Sisi twakisoma kinyume chake. Wanakijiji wale waliona kitu kilichokuwamo, ambacho wenye sinema yao wenyewe hawakukiona. Walitazama picha nzima tangu pembe hadi pembe, kama mchungaji atazamavyo malisho. Upungufu ulikuwa wa mtengenezaji aliyeacha kuku apite, akadhani macho ya watu yatafuata kile tu alichokusudia yeye.

Tuje sasa kwenye kimo cha kamera. Yapata miaka ishirini iliyopita tulikuwa miongoni mwa watumishi waliopelekwa vijijini kuonyesha filamu fupi iliyotengenezwa na ofisi moja juu ya uhifadhi wa nafaka. Ndani yake alikuwamo mtaalamu amesimama, na mama mmoja amechuchumaa chini akitandaza mahindi juani. Kila mtaalamu aliposema, kamera ilikuwa chini ikimtazama kwa juu, na kichwa chake kilionekana katikati ya mawingu. Kila zamu ya mama ilipofika, kamera ilisimama begani pa mtaalamu na kumtazama mama kwa chini. Picha ilipokwisha tukawaomba watu waulize maswali. Bibi mmoja mzee akanyanyuka, akatuuliza, "Wanangu, yule mwanamke kaiba nini?"

Tulimjibu kwa heshima, "Hakuiba, bibi. Anafundishwa kukausha mahindi."

"Kukausha mahindi?" akasema. "Mbona basi anatazamwa kama mwizi aliyeketishwa chini? Mimi nimekausha mahindi tangu kabla mama zenu hawajaolewa, wala hapana mtu aliyenisimamia hivyo."

Watu walicheka, lakini wanawake waliokuwa nyuma hawakucheka. Walijifunga khanga zao wakaondoka mmoja mmoja, na somo likaishia hapo. Tuliandika maneno ya bibi yule katika taarifa yetu. Jibu lililotufikia lilikuwa kwamba mafunzo yaliyomo ndani ya filamu ni sahihi, na kwamba wananchi waelimishwe kusikiliza mafunzo. Filamu ile iliendelea kuonyeshwa kama ilivyokuwa.

Bibi yule hakuwahi kusoma kitabu chochote juu ya sinema, lakini alikuwa na methali iliyomtosha: uso wa kufadhiliwa u chini. Lugha yetu ilikwisha kutambua, zamani kabla ya kamera kuvumbuliwa, kwamba kimo cha uso ni habari ya cheo. Anayepewa huinamisha uso, anayetoa huuinua. Mwana mwenye adabu hamkazii macho mzazi wake. Mgeni wa heshima huwekewa kiti, na anayeshtakiwa huketishwa chini. Kwa hiyo mpiga picha anayeweka kamera juu na kumtazama mtu kwa chini, amekwisha kumketisha mtu huyo mahali pa mwenye kufadhiliwa au mwenye kushtakiwa, apende asipende.

Lakini tusifanye haraka kuandika kamusi yenye maana moja kwa kila picha, kwani hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Katika filamu ya Citizen Kane ya mwaka 1941, Orson Welles na mpiga picha wake Gregg Toland waliiweka kamera chini mno wakati tajiri Kane amekwisha kushindwa katika uchaguzi. Hata sakafu ya mahali pa kuchezea ilichimbwa ili kamera ishuke. Mtu aliyeshindwa aonekana mkubwa kama mnara, ilhali dari limemkalia kichwani. Je, kamera imemtukuza? La. Imetuonyesha mwili mkubwa uliobaki baada ya nguvu kutoka, na chumba ambacho hakina tena mlango wa kumfaa. Maana imetokana na kimo cha kamera pamoja na habari tunayoijua. Picha haisomwi peke yake, kama vile mshororo mmoja usivyotosha kuwa shairi.

Katika filamu hiyo hiyo kuna picha nyingine ifaayo kufundishwa. Kane angali mtoto. Ndani ya nyumba mama yake ameketi mezani akitia sahihi karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mlezi tajiri. Na nyuma yao, kupitia dirishani, mtoto aonekana kwa mbali akicheza katika theluji. Walio karibu na aliye mbali wote waonekana wazi bila ukungu. Kwa picha moja twaona wanaoamua na anayeamuliwa. Mtoto ni mdogo dirishani, na maisha yake yamo mezani.

Kule Japani, Yasujirō Ozu naye alizoea kuiweka kamera chini. Katika filamu yake ya Tokyo Story ya mwaka 1953, kamera yakaa karibu na kimo cha mtu aliyeketi juu ya mkeka, kwa sababu nyumba za Wajapani wa siku hizo ziliishiwa mkekani. Kamera ile haimkuzi mtu wala haimtishi. Yaketi pamoja na wenyeji, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Basi tazama: chini kwa Welles na chini kwa Ozu si chini moja. Kila mmoja alichukua kimo chake katika maisha ya watu wake. Nasi tunao mkeka wetu, tunayo baraza na kigoda chetu. Kijana wa Kitanzania atakayepiga picha ya wazee wakila pamoja kwenye sinia moja, akaiweka kamera mkekani badala ya kuisimamisha kama mkaguzi mlangoni, atakuwa amesema jambo juu ya udugu ambalo halihitaji kutafsiriwa.

Sasa tutazame nuru. Taa ikimpiga mtu usoni moja kwa moja, uso huwa bapa na siri zake hupungua. Ikimpiga ubavuni, nusu ya uso hung'aa na nusu hufichika, nasi huanza kushuku kwamba ana mambo mawili moyoni. Ikitoka chini, kama moto wa kambini, humgeuza mtu akatisha, kwa sababu macho yetu yamezoea nuru itokayo juu. Ikitoka nyuma yake, uso hupotea na umbo hubaki kama kivuli kilichosimama.

Wakazi wa miji ya pwani yetu waliokuwa wakihudhuria majumba ya sinema walijifunza mengi ya hayo kwa filamu za Kihindi, ingawa wengi wao hawakuijua lugha yake. Filamu moja yatuhusu hasa sisi watunzi. Ni Pyaasa ya mwaka 1957, ya Guru Dutt, na mpiga picha wake alikuwa V. K. Murthy. Yasimulia habari za mshairi asiyethaminiwa. Watu wanadhani amekufa. Mashairi yake yanachapishwa na kusifiwa, na mkutano mkubwa unafanywa wa kumkumbuka. Katikati ya mkutano mshairi mwenyewe anatokea mlangoni. Amenyoosha mikono akashika miimo ya mlango, na nuru yote iko nyuma yake. Hatuuoni uso wake vizuri, twaona umbo tu. Wale waliomtukuza mfu wamezungukwa na fahari ya ukumbi, na aliye hai amesimama kama kivuli. Mtazamaji aweza kukosa neno hata moja la wimbo anaouimba, lakini hatakosa kufahamu nani aliyeonewa.

Miaka miwili baadaye, katika Kaagaz Ke Phool ya mwaka 1959, Guru Dutt na Murthy walitaka mwali mmoja mkubwa wa nuru ushuke ndani ya studio yenye giza, mahali wanaposimama watu wawili wanaopendana bila ya njia ya kuishi pamoja. Taa hazikuwapa walichotaka. Wakaukamata mwanga wa jua kwa vioo, wakauelekeza ndani. Naye Subrata Mitra, mpiga picha wa Satyajit Ray, alipotengeneza Aparajito ya mwaka 1956, alikuwa na ua wa nyumba ya Benares uliojengwa studioni. Akatandaza kitambaa cheupe juu yake na kuzielekeza taa kwenye kitambaa, ili nuru irudi chini kwa upole kama ile ishukayo uani kutoka mbinguni. Mafunzo haya mawili yana faida kwa vijana wasio na fedha za mitambo: kioo, shuka nyeupe na jua vyapatikana kila kijiji.

Hata hivyo, katika nuru na kivuli twapaswa kuwa waangalifu zaidi kuliko mahali pengine. Filamu nyingi za Ulaya na Marekani zimetuzoesha kwamba nuru ni wema na kivuli ni hatari. Kiswahili hakikubali jambo hilo kirahisi. Kwetu kivuli ni mahali pa kupumzikia, pa kusuluhishia ugomvi na pa kufundishia watoto. Tena mzee anayewatunza watu husemwa kuwa ni kivuli chao. Na neno mwanga lina maana mbili: ni nuru, na pia ni mchawi atembeaye usiku. Jua la saa sita mchana katika nchi hii si rehema kwa mtu aliye shambani. Mwongozaji wetu atakayeiga mpango wa nuru wa watu wengine bila kuuliza, atajikuta amemweka mwovu chini ya mwembe, mahali ambapo watazamaji wake wangemtarajia babu.

Liko na jambo la rangi ya ngozi. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilitengenezwa na kupimwa kwa sura za Wazungu. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, ili mafundi wasawazishe rangi kwa kumfuata yeye. Na kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika alipopigwa picha karibu na Mzungu, mara nyingi alibaki macho na meno. Watu wakasema kwamba ngozi nyeusi haipigiki picha. Ukweli ni kwamba ilikuwa haijapimiwa nuru yake. Ngozi nyeusi hung'aa kwa namna yake, hurudisha nuru mahali pa mfupa wa shavu na paji la uso, na hupendeza ikiangazwa kutoka ubavuni kwa nuru pana na laini. Kamera za siku hizi zimebadilika, lakini kamera haina haya: mpiga picha akipima nuru kwa ukuta mweupe ulio nyuma ya mtu, uso wa mtu utazama gizani hata leo.

Kwa hayo yote, twaona inafaa walimu wa Kiswahili na wa sanaa waiingize lugha ya picha katika masomo yao. Haihitaji gharama. Mwalimu achague tukio moja la dakika tatu, aondoe sauti, awaulize wanafunzi maswali matatu: Kamera iko mbali au karibu, na kwa nini? Iko juu au chini ya macho ya mtu? Nuru yatoka wapi, na nani amenyimwa? Kisha airudishe sauti, nao walinganishe walichokiona na walichokisikia. Kadhalika, wanaosoma riwaya ya Adam Shafi ya Vuta N'kuvute waweza kuitazama filamu iliyotokana nayo, aliyoiongoza Amil Shivji na iliyotoka mwaka 2021, wakaandika jinsi mambo ambayo mwandishi aliyaeleza kwa aya nzima yalivyogeuzwa kuwa picha.

Faida ya mazoezi hayo haitaishia katika mtihani. Leo kila kijana mwenye simu ni mpiga picha, na kila siku watu hupiga picha za maskini, wagonjwa, wakulima na wazee na kuzitawanya duniani. Wengi wa wanaopigwa picha hizo hawakuulizwa wangependa kutazamwa kutoka kimo gani. Taifa lililoonyeshwa kwa miaka mingi na kamera za wengine lina wajibu wa kujifunza kujionyesha lenyewe kwa haki, na haki hiyo huanza kwa jambo dogo: mpiga picha apige goti kwanza, macho yake yalingane na macho ya mwenzake, ndipo abonyeze.